Ndege Aliyehitaji Shahidi

Mwezi wa sita uliopita nilishuka kwenye gari Isingiro, na kabla sijaweka begi chini pua yangu ilikuwa imeshafika bondeni. Ilikuwa harufu ya tope linaloanza kukauka, ile ya mwanzo wa kiangazi, imechanganyika na mafunjo yaliyokatwa na kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Wageni wakiinusa hukunja uso. Mimi nilisimama palepale barabarani nikaivuta, mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi na mmoja, miguu imejaa tope, na nina habari ambayo hakuna mtu anataka kuiamini.

Acheni niwaeleze mwaka ule ulivyokuwa. Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya. Sote tulihesabiwa Karagwe. Mvua za masika ziligoma kuondoka. Zilinyesha mpaka watu wakaacha kuzishukuru, halafu zikakatika kwa siku moja. Mabonde yakabaki yamejaa maji wakati jua limeshakuwa kali, na ndege wakaanza kushuka. Sisemi korongo taji. Hao tulizaliwa tukawakuta, wanatembea mashambani kwa maringo kama wageni wa harusi. Nasema ndege ambao hata wazee walisimama na majembe begani kuwatazama.

Wa kwanza walikuwa heroe. Dereva wa lori la kahawa alituletea habari kwamba Kituntu kuna ndege watatu wenye rangi ya waridi, miguu kama fito, wamesimama kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ng'ombe wamekataa kunywa. Wiki haijaisha tukasikia Nyabiyonza wameshuka mwari wawili, weupe, wakubwa kuliko bata mzinga, na chini ya midomo yao wamening'iniza mifuko kama akina mama wanaokwenda gulioni. Baada ya hapo kila aliyetoka safari aliulizwa kwanza ndege, ndipo aulizwe hali ya aliowaacha.

Aliyechanganyikiwa kuliko wote alikuwa Mwalimu Yohana, mwalimu wetu wa darasa la tano. Alikuwa kijana mwembamba aliyeletwa kwetu kutoka Singida, hajui Runyambo hata neno la kuombea chumvi, na ndizi za kupika zilikuwa bado zinampa taabu. Siku aliposikia habari za heroe aliweka chaki mezani. Kisha akatuambia kwamba kwao heroe hujaa ziwani mpaka maji hayaonekani, na kwamba hakuwahi kudhani angewakumbuka ndege. Kesho yake alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila. Juu aliandika NDEGE WAGENI, na chini akachora safu nne: ndege, mahali, aliyemwona, shahidi.

Safu ya shahidi iliwekwa kwa sababu yangu. Afadhali niwaambie mapema.

Nilikuwa mwongo. Sikuiba na sikusingizia watu, niliongeza tu. Nikiona nyoka wa unene wa kidole, alifika nyumbani akiwa wa unene wa mkono. Niliwahi kuliambia darasa zima kwamba Bibi yangu ana pacha wake Uganda ambaye amepanda ndege mara nne. Na wiki ileile ya heroe, kwa wivu tu wa kutaka na mimi niwe na ndege wangu, nilinyoosha mkono nikasema nimemwona mbuni kwenye mibuni yetu. Darasa lilicheka mpaka darasa la sita wakaja kuchungulia. Kwa mwezi mzima niliitwa Mbuni-wa-Mibuni. Mwalimu Yohana hakunichapa. Alichukua rula, akachora safu ya nne, akasema kuanzia leo ndege haingii humu bila shahidi mtu mzima.

Nyumbani sikuwa na jina zuri zaidi. Niliishi na Bibi yangu mzaa baba, Kokuberwa, kwenye kibanja chenye migomba mbele na kahawa nyuma. Alikuwa akisema, "Huyu Kemi ukimtuma maji, ndoo inarudi nusu na hadithi imejaa." Na yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na maneno aliyapima kama dawa. Ukimuuliza kama msibani kulikuwa na watu wengi, alijibu, "Watu walikuja." Wengi, Bibi? "Sikuwahesabu." Watu walipogombania mpaka wa shamba walikwenda kumwita yeye, na alipokwisha kusema mahali jiwe lilipokuwa, hakuna aliyebisha tena.

Basi ilikuwa Alhamisi. Nilishuka bondeni asubuhi kuteka maji kwenye chemchemi, pale ukingoni ambapo mafunjo yanaanza. Ukungu ulikuwa unanyanyuka. Nilipoinama kuzamisha ndoo niliona kitu cha kijivu kimesimama kati ya mafunjo, nikadhani ni kisiki. Nikajaza maji. Nikanyanyua uso tena, nikakumbuka kwamba pale hapakuwahi kuwa na kisiki.

Kisiki kilikuwa na jicho.

Alikuwa ndege wa urefu wa kunifika kifuani, rangi ya majivu ya jana, amesimama kwa mguu mmoja. Kichwa kilikuwa kikubwa kupita kiasi, na domo lake, nawaombeni mniamini, lilikuwa kama kiatu cha kazi cha baba, pana, nene, lenye madoa, na ncha yake imepinda kama kulabu. Kisogoni alikuwa na kijishungi kidogo, kama mtu aliyeamka bila kuchana nywele. Alinitazama kwa macho ya manjano hafifu. Hakutikisika. Mimi pia sikutikisika, jambo ambalo katika maisha yangu lilikuwa halijawahi kutokea. Sijui tulikaa vile muda gani. Ninachojua ni kwamba nilifika nyumbani nakimbia, na ndoo nimeiacha chemchemini.

Shuleni nilisema. Niwaambie nini? Walipiga meza. Mwalimu Yohana alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza shahidi wangu ni nani, nikamwambia nilikuwa peke yangu. Alisema kwa upole, "Kemilembe, keti." Upole ule uliuma kuliko kiboko.

Jioni ndipo mambo yalipokuwa mazito. Baba mdogo Kamugisha, mdogo wake baba, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alipita kwa Bibi kumwambia kwamba wamekubaliana Jumatatu wachome mafunjo yote ya bonde, wapate mahali pa kupanda maharage na viazi vya kiangazi, na wafugaji wapate nyasi changa. Nilitoka jikoni nikamwambia habari za ndege, nikisema haraka haraka, nikionyesha urefu kwa mkono na domo kwa kiganja.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, umemsikia? Juzi mbuni. Leo ndege amevaa viatu mdomoni."

"Nimemsikia," alisema Bibi. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, anatupa mbovu pembeni kwa vidole bila kuinamisha kichwa.

"Siwezi kuahirisha moto kwa ajili ya ndege wa Kemi. Watu wamepanga."

"Sikukwambia uahirishe."

Alipoondoka nililia. Bibi aliniacha nilie. Halafu akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, "Macho yake ya rangi gani?" Nikajibu. "Kisogoni ana nini?" Nikajibu. Kesho yake, Ijumaa, tukila, akaniuliza tena mambo yaleyale kwa mpangilio mwingine, akaongeza na la miguu. Nilikasirika kimoyomoyo. Niliona ananitega kama hakimu.

Jumamosi asubuhi alijifunga kitenge, akachukua fimbo yake. "Nipeleke," alisema.

Njia ya bondeni ni mteremko mkali, na siku ile ilikuwa bado ina utelezi. Bibi aliweka mkono begani kwangu na hakuutoa mpaka tulipofika. Mkono ule nauhisi hadi leo, mkavu, mzito, wenye harufu ya sabuni ya mche. Nilijaa furaha na hofu. Njia nzima nilimwomba Mungu, si kwa ajili ya ndege wala mafunjo, bali kwa ajili yangu: asiwe ameondoka, tafadhali, asiwe ameondoka.

Alikuwapo. Alikuwa amesogea hatua chache kulia kwa chemchemi, ameinamisha domo kifuani kama mchungaji anayeomba.

"Yule pale, Bibi," nilinong'ona.

"Nieleze."

"Si yule pale?"

"Nimesema nieleze, Kemi."

Nikaeleza. Amesimama kwa miguu miwili leo. Anatazama maji. Hapana, hafanyi kitu. Bado hafanyi kitu. Tulikaa juu ya majani yenye umande, Bibi ameelekeza uso bondeni, na kila baada ya muda akiuliza, "Sasa?" nami nikijibu, "Bado." Jua lilitoka. Mgongo uliniwasha, sikujikuna.

Halafu ndege akaanguka. Nasema akaanguka kwa sababu sina neno lingine: alijitupa mzima mzima majini, kichwa mbele, mabawa yamefunguka, kishindo kikasikika bonde zima. Akanyanyuka na kambare mdomoni pamoja na fundo la majani, akalikamua domo mpaka majani yakadondoka, akammeza kambare akiwa mzima. Kisha akainua kichwa na kuligonganisha domo lake, la juu na la chini. Ta-ta-ta-ta-ta, kama mtu anayepiga mbao mbili kavu kwa kasi.

Nilimshika Bibi mkono. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuizoea, mdomo wazi, pengo la jino lililong'oka linaonekana.

"Amekula nini?" aliuliza.

"Kambare."

"Mkubwa?"

Ulimi ulitaka kuongeza. Nilianza kusema kama mkono mzima, halafu nikakumbuka, nikampunguza. "Kama kiganja na nusu, Bibi."

"Vema," alisema. "Twende tukanywe chai."

Jumapili, ibada ilipofika kwenye matangazo, baba mdogo alisimama kutangaza moto wa kesho: kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye panga. Hajakaa, Bibi akasimama kutoka kwenye benchi la wazee.

"Moto usubiri," alisema.

"Usubiri nini, Mama?"

"Bondeni kuna ndege. Urefu wake ni wa kumfika mtoto kifuani. Domo lake ni pana kama kiatu, lina kulabu mbele. Anavua kambare kwa kujitupa majini, na akishiba anagonga domo kama mbao. Yupo."

Watu waligeuka kunitazama. Baba mdogo alishusha sauti, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu. "Mama, huyo ni ndege wa Kemi."

"Ni ndege wa Mungu. Kemi amemtangulia kumwona tu." Akakaa.

Kama angesimama mtu mwingine, wangecheka. Hakucheka mtu. Baba mdogo alikunja karatasi yake mara mbili, akasema basi, baada ya ibada tushuke wote tukaone.

Kanisa zima lilishuka bondeni na nguo za ibada. Kwaya ilishuka na majoho. Akina mama walivua viatu wakavishika mkononi. Watu wengine walitokea kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakiwa na vibuyu vyao, wakaunga msafara bila kuuliza unakwenda wapi. Mwalimu Yohana alikuja mbio huku tai ya shingoni imemrukia begani.

Na ndege hakuwapo.

Tulisimama. Mafunjo yalitikiswa na upepo, hakuna zaidi. Nikasikia kicheko kimoja nyuma, kisha cha pili. Masikio yaliniwaka. Nilimtazama Bibi, aliyekuwa amesimama kando na fimbo yake, na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba nimemponza. Mimi nilishazoea kuitwa mwongo. Yeye asingeweza kuzoea.

"Nyamazeni," alisema Bibi, bila kupandisha sauti. "Mnapiga kelele kama kasuku. Nani avue samaki hapa?"

Wakanyamaza. Dakika zikapita, mtoto akalia akanyonyeshwa. Halafu kutoka ndani kabisa ya mafunjo, mkono wa kushoto, ikasikika: ta-ta-ta-ta-ta.

Bibi alielekeza fimbo huko kabla ya mtu yeyote.

Alitokea akitembea polepole, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Sijawahi kusikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja vile. Baba mdogo alivua kofia. Mwalimu Yohana aliingia majini na viatu vyake vya Jumapili bila kujua, maji yakamfika magotini, akawa anasema kwa kunong'ona, "Korongo nyangumi. Korongo nyangumi, jamani." Alikuwa amemwona mara moja tu, kwenye picha ya kitabu chuoni. Alipogeuka kunitafuta machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Kemilembe," aliniambia, "nisamehe." Mwalimu kumwomba radhi mtoto wa darasa la tano. Kwetu hilo lilikuwa ajabu ya pili ya siku ile.

Mafunjo hayakuchomwa mwezi ule. Watu walilima ukingo wa juu tu, na ndege alikaa nasi mpaka maji yalipopungua. Walikuja watu kutoka Nyabiyonza na Kituntu kumtazama, na mimi nilitembea mbele yao kama mke wa mkuu wa wilaya. Asubuhi moja alipanda juu, akazunguka mara mbili, akaelekea upande wa mto Kagera. Kwenye karatasi ya manila, safu ya shahidi, Mwalimu angeweza kuandika kanisa zima. Aliandika jina moja: Kokuberwa.

Kwa miaka minne nilidhani hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na naikiri, katika miaka hiyo domo liliongezeka kidogo.

Nilikuwa kidato cha pili madaktari wa macho walipokuja hospitalini, na baba mdogo akampeleka Bibi kwa nguvu. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili; sisi tulidhani yameanza kumsumbua mwaka ule tu, maana hakuwahi kulalamika. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nesi alipotoa pamba ya mwisho, Bibi alipepesa, akanikazia macho, akanyoosha kidole akaigusa nyusi yangu ya kushoto, pale penye kovu.

"Hili ni kubwa hivi?" aliuliza. "Waliniambia mchubuko."

Kovu lile nililipata nilipoanguka na baiskeli, nikiwa darasa la pili.

Nilibaki nimekaa, nahesabu. Darasa la pili, la tatu, la nne, la tano. Mkono begani njia nzima. Nieleze, Kemi. Sasa? Amekula nini?

"Bibi," nilisema, "yule ndege hukumwona."

"Nilisema yupo," alijibu. "Kumbuka vizuri. Sikusema nimemwona."

"Lakini ulisimama kanisani. Ulisema mpaka la kulabu."

"La kulabu uliniambia wewe. Kishindo na mbao nilisikia mwenyewe."

"Na kama ningekuwa nimedanganya hayo mengine?"

Alikuwa ameshaanza kutazama vitu vingine: shuka, dirisha, mikono yake mwenyewe, akiigeuza huku na huku kwa mshangao wa kuona jinsi ilivyozeeka. "Wewe ukidanganya unaongeza," alisema. "Nilikuuliza siku tatu. Hukuongeza kitu. Hata yule kambare ulimpunguza."

Nesi aliingia na dawa ya matone, na Bibi akaanza kumuuliza kuhusu rangi ya sare yake, kama siku zote ni ya bluu vile.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido. Nilikuwa nimeamini kwamba siku ile alikwenda kanisani kusema alichokiona, jambo jepesi kwa mtu mwenye jina kama lake. Kumbe alikuwa amesimama gizani mbele ya watu wote, na jina lile alilolilinda tangu usichana wake akaliweka juu ya maneno ya mtoto ambaye kijiji kizima kilimwita mwongo, yeye akiwa wa kwanza. Na vicheko vilipoanza kule bondeni, hakuwa na njia ya kujua kama ndege yupo au hayupo, ila kwa kuniamini mimi kwa dakika chache zaidi.